Punguzo la Meli ni Letu Pia: Niliyojifunza Baada ya Kuvua Sare ya Jeshi la Marekani

Kila nikikaa na Waswahili wenzangu wa Texas waliowahi kuvaa sare ya jeshi la Marekani, nakuta jambo lile lile. Mtu ametumikia miaka minne, mwingine sita, mwingine kumi. Goti limeharibika, masikio yanavuma usiku kucha, lakini akienda likizo ya meli ya kitalii na familia yake analipa bei kamili, bila kuomba punguzo la jeshi, kama mtu ambaye hajawahi kula kiapo. Ukimuuliza kwa nini hakutaja utumishi wake anakujibu, "Aa, hayo ni ya wenyewe." Wenyewe gani? Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonisukuma kuandika haya.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuja kwa grinikadi ya bahati nasibu, nikajiunga na jeshi la nchi kavu, nikaendesha malori ya mafuta Fort Hood na baadaye Kuwait. Uraia niliupata nikiwa bado kuruta Fort Jackson, maana tangu 2009 jeshi na idara ya uhamiaji waliweka utaratibu wa kumwapisha mhamiaji kabla hajamaliza mafunzo ya awali. Wenzangu wengine waliingia kupitia MAVNI, mpango ulioanza mwaka huo huo na kuchukua watu wasio na grinikadi lakini wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa kimojawapo, mpaka ulipoacha kupokea watu wapya 2016. Kwa hiyo tupo: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Waganda, Warundi. Kampuni za meli za kitalii haziulizi ulizaliwa wapi. Zinauliza kama ulitumikia na uliondoka kwa namna gani.

Sisi wa Houston na jirani tumebahatika, kwa sababu bandari ya Galveston iko mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Pale zinatia nanga meli za Carnival, Royal Caribbean, Norwegian na nyinginezo, zikielekea Cozumel na Costa Maya upande wa Meksiko, au Roatán kule Honduras. Mji wenyewe nausihi mtu aufikie siku moja kabla ya meli. Ni hapo ambapo tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alitangaza kwamba watumwa wa Texas wako huru, na mtu mweusi aliyevaa sare ya nchi hii ana haki ya kusimama pale akatafakari kabla hajaenda kuota jua.

Sasa tuingie kwenye pesa. Nafuu yenyewe huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kukatiwa nauli. Norwegian, kwa mfano, ilianzisha mpango wake 2022 kwa wanajeshi wa Marekani na Kanada, walio kazini, wastaafu, maveterani (yaani waliotumikia wakaondoka kwa heshima) na wenza wao, kwa kukata asilimia 10 ya nauli. Sura ya pili ni salio la kutumia melini: nauli inabaki ilivyo, ila unapanda ukiwa na pesa kwenye akaunti ya chumba chako. Kampuni ya Princess ndio wanaojulikana kwa hili, wanafika hadi dola 250 kutegemea urefu wa safari. Masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo yanayokuhusu ni yale yaliyoandikwa siku unayonunua, si yale aliyokusimulia mwenzako msikitini au kanisani mwaka juzi.

Asilimia 10 inasikika kubwa. Tuiweke mezani. Tuseme nauli ya watu wawili kwa siku saba ni dola 1,600. Ukikatiwa asilimia 10 umeokoa 160. Lakini punguzo haligusi kodi na ada za bandari, ambazo tuseme ni dola 300 kwa wote wawili. Haligusi bakshishi ya wahudumu pia, ambayo siku hizi kwa kampuni nyingi ni dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Tukichukua 17, ni 238 kwa safari nzima. Jumla ilikuwa 2,138, sasa ni 1,978. Nafuu ya kweli ni asilimia saba na nusu hivi. Si haba, ni chakula cha familia cha wiki nzima kwa bei za hapa, lakini ni vyema uijue ilivyo ili usibabaishwe na namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

La pili kuhusu pesa ni kwamba bei ya jeshi si lazima iwe ndiyo ndogo. Mara nyingi haichanganyiki na ofa nyingine. Rafiki yangu wa Fort Worth alipewa bei ya jeshi kwa simu, mkewe akafungua tovuti palepale akakuta ofa ya wikendi ya watu wote iko chini yake kwa dola tisini, na ina vinywaji ndani. Kwa hiyo mimi huomba bei mbili, ya jeshi na ya wote, kwa chumba cha aina moja, tarehe moja, zote zikiwa na kodi na bakshishi ndani. Naziandika kwenye karatasi moja, ya kwanza juu, ya pili chini yake. Namba ya mwisho ndiyo inayosema. Wakala mzuri hachoki kukufanyia hivyo, na kama anachoka, tafuta mwingine.

Salio la melini nalo lina tabia yake. Kwa sehemu kubwa halirudi kuwa fedha taslimu: usiku wa mwisho ukifika na hujalitumia, limefutika. Kuna watu hukimbilia duka la melini saa za mwisho kununua manukato wasiyoyataka. Afadhali uulize mapema kama linaweza kulipia bakshishi au matembezi ya bandarini, maana hizo ni gharama ambazo ungezilipa hata hivyo.

Lakini kwa watu wetu si hesabu inayowakwamisha. Kinachowakwamisha ni karatasi, na hapa naomba nikae kidogo.

Karatasi mama ni DD-214, ile fomu unayopewa siku unayoachana na jeshi. Wengi wameitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya shule vya watoto, hawajaifungua tena. Ifungue. Kuna nakala fupi na nakala ndefu. Ile fupi haionyeshi uliondoka vipi, na kwa ajili ya punguzo haikusaidii sana. Unayoitaka ni nakala ndefu, chini pembeni imeandikwa Member-4, na kisanduku namba 24 kinataja aina ya kuondoka kwako. Ukiona pale umeandikwa kuwa uliondoka kwa heshima, una ufunguo mkononi. Sasa tazama kisanduku namba 3. Hapo ndipo penye namba yako ya Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii inayokutambulisha Marekani. Kabla hujamtumia wakala yeyote picha ya karatasi hiyo, funika kisanduku hicho kwa karatasi ndogo ndipo upige picha. Hakuna wakala wa meli anayehitaji namba hiyo ili akukatie dola mia. Anayeing'ang'ania, mkimbie.

Kama imepotea, usimlipe mtu. Mtandaoni wako wanaotoza pesa kukutafutia DD-214, na hali Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, kupitia kituo chake cha St. Louis, Missouri, huitoa bure kwa aliyetumikia. Unaomba mtandaoni au kwa fomu SF-180. Jirani yangu mmoja, mzee aliyepigana Korea, faili lake lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoungua kwenye moto wa Julai 1973 pale St. Louis, moto uliomeza kumbukumbu za watu kati ya milioni 16 na 18. Alikuwa amekata tamaa kabisa. Mjukuu wake alipoandika, walitafuta kwenye kumbukumbu nyingine za malipo, wakamtumia cheti cha kuthibitisha utumishi, na kile cheti kinafanya kazi ya DD-214. Nasimulia hili kwa sababu kama mzee wa vita vya Korea alipata karatasi yake baada ya moto ule, kijana aliyetoka jeshini 2018 hana sababu ya kusema haiwezekani.

Mbali na DD-214 zipo kadi. Ukiwa umejiandikisha kwenye matibabu ya Idara ya Maveterani, yaani VA, unapewa kadi ya afya yenye picha. Ipo pia kadi ya utambulisho wa veterani iliyoanza kuombwa 2017, ambayo sasa ni ya kidijitali. Na leseni ya udereva unaweza kuiomba iwe na alama ya veterani. Hapa Texas unapeleka DD-214 ofisi ya leseni. Mimi naipenda hii ya leseni kuliko zote, kwa sababu iko mfukoni kila siku na hoteli, mgahawa au duka la mbao huikubali bila maswali.

Halafu liko tatizo ambalo ni letu hasa: majina. Uhakiki wa siku hizi unafanywa mtandaoni, kwa huduma kama ID.me ambayo hata VA yenyewe huitumia. Mashine inataka jina la kwenye pasipoti, la kwenye leseni na la kwenye kumbukumbu za jeshi yafanane herufi kwa herufi. Sisi majina yetu yanaitwaje? Lako, la baba, la babu. Pasipoti ya kwanza iliandikwa Dar es Salaam au Bujumbura, jina la babu likawa la ukoo. Afisa wa jeshi akageuza, la baba likawa la katikati. Ndugu yetu mmoja wa Bukavu aliapa uraia baada ya kutoka jeshini, akatumia nafasi ile kupunguza jina lake lililokuwa refu. Mashine ikamkataa, akajaribu tena, ikamkataa. Akaniambia, "Kaka, wananiona mwongo." Nilimwambia aachane na mashine, aombe kuzungumza na mtu. Alituma picha ya DD-214 na cheti chake cha uraia kinachoonyesha jina la zamani na jipya, akapitishwa mchana ule ule. Njia ya kuhakikiwa na binadamu mara nyingi ipo, ila haikai mbele. Itafute.

Jambo jingine la kuangalia ni kundi lako. Ofa moja itakuwa ya walio kazini tu, nyingine itaongeza wastaafu, nyingine itajumuisha maveterani wote. Mstaafu kwa hesabu za jeshi ni yule aliyefikisha miaka 20 au aliyestaafishwa kwa sababu za afya, ana kitambulisho cha kijeshi na pensheni. Veterani ni sisi wengine tuliotumikia mkataba wetu tukaondoka kwa heshima. Ofa ikiandikwa ya waliopo na wastaafu, haikuhusu wewe uliyekaa miaka sita, hata ukionyesha DD-214 kumi, na hakuna haja ya kugombana na binti wa mapokezi kwa hilo. Kwa upande wa pili, wapo wanaojiondoa wenyewe. Dada mmoja wa Kisumu aliyeko Walinzi wa Taifa wa Texas, yaani askari wa muda wa jimbo, aliamini haya mambo ni ya wanaokaa kambini. Nikamshika mkono tukapiga simu pamoja. Alihesabiwa bila shida yoyote.

Na kama VA imekupa asilimia yoyote ya ulemavu uliotokana na utumishi, hata asilimia 10 ya masikio, mlango mwingine umefunguka. Sheria ya 2018, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2020, iliwaruhusu maveterani wa aina hiyo kununua kwenye maduka ya kambini na kutumia huduma za burudani za jeshi. Pia ipo tovuti ya American Forces Travel, iliyoanzishwa 2019 na Wizara ya Ulinzi pamoja na Priceline, inayouza hoteli, ndege na meli kwa walio kazini, wastaafu na maveterani wenye ulemavu wa utumishi. Mimi huitumia kama bei ya tatu kwenye ile karatasi yangu.

Hayo yote yasemwe kabla ya kulipa amana. Hili ndilo ningemkumbusha kila mtu kama ningepewa neno moja tu. Punguzo la jeshi huwekwa wakati wa kufungua bukingi. Ukishalipa, wengi hawarudi nyuma. Hivyo sentensi ya kwanza kwa wakala iwe, "Mimi ni veterani, nina karatasi, nipe bei zote zinazonihusu." Isemwe kwa sauti ya kawaida, si ya kuomba. Wala bei ikishuka baada ya hapo usinyamaze. Mpaka tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo mara nyingi ni miezi miwili unusu hadi mitatu kabla ya safari, wakala anaweza kukufungulia upya kwa bei mpya, na hapo punguzo lako linahamia pamoja nawe kama bado lipo.

Sasa familia. Hapa ndipo Mswahili anapotofautiana na veterani wa Ohio, kwa sababu ndani ya chumba kimoja cha meli sisi tunaweza kuwa na pasipoti za rangi tatu.

Raia wa Marekani anayeondoka Galveston na kurudi Galveston anaweza kisheria kusafiri bila pasipoti, kwa cheti cha kuzaliwa au cha uraia pamoja na kitambulisho chenye picha. Msifanye hivyo. Cheti cha uraia kikipotea, kupata kingine ni mamia ya dola. Na ukiugua Cozumel au meli ikakuacha, utarudi kwa ndege, na ndege inataka pasipoti.

Mke au mume mwenye grinikadi abebe grinikadi na pasipoti ya kwao, zote zikiwa hai. Mama aliyekuja kutembelea wajukuu kwa viza ya utalii anaweza kwenda nanyi Cozumel, maana Meksiko inamruhusu mwenye viza hai ya Marekani kuingia bila viza yake. Lakini tazameni ile viza ya Marekani imeandikwa mara ngapi anaweza kuingia. Meli ikitoka Galveston ametoka nchini, ikirudi anaingia upya. Viza ya kuingia mara moja ikishatumika, mama anaweza kukwama bandarini na hakuna punguzo litakalomsaidia.

Alaska ni habari nyingine kabisa. Watu huvutiwa na ofa za meli za Seattle, zinazopita Juneau, Skagway na Ketchikan, wakasema hii yote ni Marekani, tumchukue na mama. Siyo. Sheria ya 1886 inazuia meli zenye bendera ya nchi nyingine, na nyingi ya hizi zimeandikishwa Bahamas au Panama, kubeba abiria wa bandari za Marekani bila kugusa nchi ya nje. Ndiyo maana meli za Seattle husimama Victoria, Kanada, mara nyingi kwa saa chache za jioni. Kwa saa chache hizo Mtanzania au Mkenya mwenye viza ya utalii ya Marekani anahitaji viza ya Kanada. Mwenye grinikadi hahitaji viza ya Kanada, ila aonyeshe grinikadi na pasipoti. Nimeona familia ikimwacha bibi hotelini Seattle kwa sababu hii, na punguzo lao la jeshi wakiwa nalo mkononi. Anzeni na karatasi za yule mwenye karatasi chache kuliko wote, ndipo mchague meli.

Juu ya maji kuna mambo mengine ambayo hayaandikwi kwenye ofa. Meli nyingi huandaa mkusanyiko wa maveterani mara moja katika safari. Hutangazwa kwa mstari mmoja kwenye ratiba ya siku, ni rahisi kuupita. Mke wangu ndiye aliyeuona: saa nne asubuhi, ukumbi mdogo wa nyuma. Nilikuta wazee wenye kofia za Vietnam, mabinti wawili wa jeshi la anga, na baba mmoja mwenye mguu wa chuma aliyevaa kaptula bila kujificha. Walipiga wimbo wa kila kikosi, na wa kikosi hicho wakasimama. Ulipofika wa jeshi la nchi kavu mimi nilikuwa bado nimekaa, natazama watu. Mke wangu akanigusa, "Baba Zuhura, simama, wimbo wenu huo." Nikasimama. Mzee aliyekuwa kiti cha mbele aligeuka, akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia Kuwait, malori ya mafuta. Akanipa mkono akasema, "Karibu nyumbani." Baadaye alinieleza kwamba wao wa Vietnam wanasalimiana hivyo kwa sababu waliporudi hakuna aliyewaambia. Lafudhi yangu aliisikia vizuri, na hakuuliza chochote zaidi ya nilikotumikia. Kwa wale wanaosema hayo ni ya wenyewe, natamani wangekuwepo pale.

Kama una mashine ya kupumulia usingizini, ile ya CPAP ambayo VA imewapa wengi wetu, wapigie dawati la mahitaji maalumu kabla ya safari. Waombe yale maji yasiyo na madini, yaliyovunwa kutokana na mvuke, na waya wa kuongezea umeme, kwa sababu tundu la ukutani huwa mbali na kitanda na zile soketi zenye kinga ya umeme hunyang'anywa mlangoni. Mwenye kiti cha magurudumu awahi zaidi: vyumba vyenye milango mipana ni vichache. Haki yenyewe ipo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua 2005, katika kesi iliyoihusu Norwegian, kwamba sheria ya watu wenye ulemavu inazihusu hata meli zenye bendera za nje zikiwa kwenye maji ya nchi hii. Ila aulize pia kuhusu bandari. Cozumel meli inafunga gatini, unashuka kwa daraja pana. Belize City abiria hushushwa kwa mashua, na bahari ikichafuka kiti hakishuki.

Kisha kengele. Siku ya kwanza kabla ya kuondoka hupigwa ishara ya dharura, milio saba mifupi na mmoja mrefu. Rafiki yangu aliyekaa Kandahar, Afghanistan, ambako ving'ora vilimaanisha roketi inakuja, alijikuta amelala chini kwenye zulia la korido, mbele ya wanawe. Tangu hapo tunaambiana: uliza saa ya zoezi, ukae na mtu wako, umwambie na mtoto kwamba baba hapendi sauti hiyo. Usiku nao, chumba cha katikati ya meli, mbali na injini na ukumbi wa disko, kina thamani kuliko dirisha.

Na matibabu. Usitegemee VA imlipe daktari wa melini. Ukiwa nchi ya nje ina mpango wa kulipia tatizo lililotokana na utumishi peke yake, na hata huo ni vyema ujiandikishe mapema. Homa ya kawaida au mguu uliovunjika kwenye ngazi vinaingia kwenye bili ya chumba chako. Bima ya safari inunueni, na kama dola za punguzo zitaishia hapo, zimetumika vizuri.

Kuhusu bakshishi sitaki kuficha ninavyoona. Wapo wanaoshauriana kwenda mapokezi kuifuta ili safari iwe rahisi zaidi. Kijana aliyetuhudumia mezani alikuwa wa Likoni. Alipotusikia tukisema aliweka sahani chini, "Shikamoo baba, shikamoo mama," uso wote umefunguka. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mingi bila kurudi nyumbani, na sehemu kubwa ya anachotuma Mombasa inatokana na pesa hiyo. Mimi nimekatiwa nauli kwa sababu niliwahi kukaa mbali na wangu nikifanya kazi ya watu. Siwezi kuikata yake.

Wiki chache zilizopita nilikuwa Killeen kwa mjane wa mwenzetu mmoja wa Kongo, aliyefariki miaka kadhaa baada ya kutoka jeshini. Watoto wanataka kwenda baharini. Alidhani kila kitu kilizikwa na mumewe. Tuliandika St. Louis pamoja kuomba DD-214, kwa kuwa mjane ambaye hajaolewa tena anaruhusiwa kuomba ya marehemu, na ikaja. Kampuni ya kwanza tuliyoipigia ilisema ofa yake ni ya veterani aliye hai na mwenza wake. Ya pili ilimkubali. Amelipa amana kwa bei ya jeshi, wanaondoka Galveston shule zikifungwa, na pasipoti za watoto ziko njiani.